Ukuta wa Bi Hana

Shikamoo Mama,

Mipaka bado imefungwa, na asubuhi hii mvua ya Sydney inanyesha kama iliyo usingizini. Nicheke tu: wiki nzima nilisali jikoni nimeelekea kaskazini, kwa mazoea ya Tanga! Aliyenishtua ni Bi Hana, yule bibi wa Kiyahudi aliyenipangisha chumba. "Kwani Makka iko nyuma ya friji?" Akanishika mkono hadi sebuleni. Ukutani ametundika karatasi ya chapa aliyoachiwa na mama yake: makomamanga, maua, na neno moja la dhahabu kwa herufi zao, "Mashariki". Kwao Ulaya, Yerusalemu iko mashariki, basi karatasi huwaonyesha pa kuelekea wakiomba. Lakini ukuta huu ni wa magharibi! "Iliyohama ni karatasi," akasema. "Yerusalemu iko palepale." Na Makka iko hukohuko.

Jana asubuhi, jua likiigusa ile dhahabu, akaniuliza, "Na mama yako yuko upande gani?" Nikaonyesha ukuta uleule. Akasogeza kiti chake, akanipisha.

Usiache dawa zako, Mama. Siku hizi nikimaliza kusali mbele ya ukuta ule sinyanyuki upesi.

Mwanao,
Zuhura