Tata, Wamechukua Maneno ya Siku ya Kwanza

Tata,

Shikamoo, baba yangu. Najua hutaitikia, lakini ndivyo ulivyonilea, na leo nimekasirika kiasi kwamba nisipoanza na heshima nitaanza na matusi.

Kibanja, shamba letu la nyumbani, kipo. Migomba ya upande wa kaburi lako imebeba mikungu mizito, tumeiwekea miti ya kuegemea. Mama hajambo, ila bado anakutengea kiti wakati wa chakula. Hayo ndiyo mema.

Unamkumbuka yule mtafiti aliyekuja na kinasa sauti, yule mpole, viatu vimejaa tope? Ametoa kitabu. Anasema Gavana yule wa wakoloni, ambaye wazee wote mlimchukia, alionewa bure; eti alikuwa mkali kwa faida yetu, bila yeye Karagwe isingekuwa na kahawa wala watoto waliosoma. Na shahidi wake mkuu ni nani? Wewe! Jina lako liko pale, na maneno yako: "Kahawa ya Gavana ilinisomeshea watoto." Basi, kamaliza. Sasa kamati ya hapa kwetu Kanoni inataka kusimamisha jiwe kwenye uwanja wa ghala la kahawa, juu jina la Gavana, chini maneno yako. Mwenyekiti wao aliniletea habari hizo huku anatabasamu, akidhani ananipa heshima. Wanasubiri ridhaa yangu ya kutumia jina lako, kwa kuwa kibanja uliniachia mimi.

Tata, nusura nimrushie mchi!

Maana siku ile nilikuwepo. Ulimpa mgeni kikapu cha kahawa ya kutafuna, ile ya kuchemshwa na kuanikwa, mkatafuna pamoja, ndipo akauliza habari za Gavana. Ukamtafutia jema la kusema, kwa sababu mtu anayetafuna kahawa yako kwa mara ya kwanza humlishi uchungu wa nyumba yako. Ulipomsindikiza ukamwambia, "Urudi, mwanangu. Siku ya kwanza ni ya salamu." Sisi tulielewa. Hata kuku wa uani walielewa. Yeye akaenda zake na salamu, akaziita ushahidi.

Hakurudi. Ulimngoja, Tata. Gari likiunguruma barabarani ulikuwa unauliza, "Ni yule kijana?" Ukauliza hivyo mpaka ukafa.

Angerudi ungemweleza habari za mgongo wako. Mimi mwenyewe niliuona nilipokuogesha ukiwa mgonjwa. Miaka yote ile hukuvua shati hata shambani kwenye jua kali. Nikauliza. Ukasema ilikuwa amri ya Gavana: kila nyumba ing'oe migomba, ipande miche ya kahawa. Ukakataa kung'oa migomba yenye mikungu. Wakakulaza chini, kijana uliyeoa juzi tu, wakakuchapa viboko mbele ya mama mkwe wako. Bibi yangu! Mtu ambaye kwa desturi yetu hukuthubutu hata kumtazama usoni. "Viboko vilipona," ukaniambia. "Aibu ile haikupona."

Na kahawa gani aliyotuletea? Hii tuliyokuwa tukiitafuna kabla babu yake hajazaliwa? Sikatai, ada yangu ilitoka kwenye miche ile, na sitasema uongo ili kumkomoa marehemu mwenzako. Lakini aliyepalilia ni wewe. Aliyebeba magunia ni wewe, kwa mgongo uleule. Mbona hilo halichongwi? Wanamsafisha kwa shati lako, Tata, na shati lenyewe hawajawahi kukuona umelivua.

Nimemjibu mwenyekiti kwamba ridhaa sitoi. Nimemwambia aje hapa nyumbani na kamati yake, na mtafiti wao wamtafute popote alipo, waketi kwenye mkeka wako, watafune kahawa. Siku ya salamu ilishapita. Wasipokuja, nitakwenda mimi na kikapu hadi ghalani siku ya mkutano wao wa kusimamisha jiwe, nitagawa kahawa kwa kila mtu, kisha nitasema yote mbele ya jiwe lao. Mama ameniuliza kama sitaogopa. Naogopa. Nitasema hivyo hivyo.

Pumzika sasa. Usisikilize tena magari ya barabarani. Atakayekuja nitampokea mimi. Nakuahidi, jina lako halitakaa chini ya jina lake.

Kahawa nimeshaichemsha, iko juani inakauka.

Mwanao