Bango la Mama Getini

Iloilo, 4 Juni

Marikit wangu,

Mvua zimeanza, paka wako kazaa kabatini, na mama bado anagombana na jirani Pacing juu ya jogoo wake.

Nimechagua chuo cha uzamivu. Kile cha ng'ambo kilinitaka, ila profesa akasema, "Andika kuhusu uhusiano wa mataifa. Hayo ya wapenzi wa jinsia moja yaache." Nikamkatalia. Cha Manila kimeupokea utafiti wangu bila kukata hata neno: jinsi serikali zinavyopatana kutuma wauguzi kama wewe, na kujifanya hamna wanawake wenzenu mnaowapenda.

Mama, kama ada ya mtaa, katundika bango la pongezi lenye picha yangu getini. Unakumbuka lile la shahada ya pili? Alikukata pichani, ukabaki mkono tu begani kwangu. Safari hii sikuthubutu kutoka kulitazama, mpaka nikamsikia Pacing akiuliza, "Na huyu binti pembeni ni nani?"

"We Pacing, macho huna? Mkwe wangu huyo! Yuko Doha, muuguzi."

Nikatoka mbio, peku, kwenye mvua. Umo mzima, Marikit, mpaka viatu.

Ni mimi, wako mbele ya watu,
Dalisay