Baba mkwe anamtafuta msichana wa baiskeli, na msichana mwenyewe ni mimi

Mpendwa mshauri Mama Mwamvita, naomba msaada wako na unisamehe mwandiko, maana sasa hivi tu mwanangu Koku, wa miaka miwili na nusu, ameingia uvunguni akatoka na kofia yangu ngumu ya baiskeli niliyokuwa nimeificha, akaijaza maharage niliyokuwa nachambua, akampelekea babu yake sebuleni na kumwambia "kula babu", na baba mkwe wangu akaigeuza geuza akauliza, "Mama Koku, hiki ni chombo gani?" nami kwa hofu nikajibu ni chujio la kisasa, waitu baba, ona matundu yake, akatikisa kichwa akasema wazungu hawaishiwi mambo, akamrudishia mtoto, kwa hiyo nakuandikia huku nimeikalia.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, elimu yangu ni darasa la saba, naishi Kagondo kwa wakwe zangu, mume wangu Kahangwa ni fundi ujenzi na kwa sasa yuko Muleba kikazi. Tangu mwezi wa tatu nimejiunga na timu ya baiskeli, tuko kumi na wawili, nahodha wetu ni mwalimu Lilian, na Jumamosi ya tarehe ishirini na nane tunaondoka Bukoba mjini mpaka Ngenge, siku mbili, tunalala Muleba, na michango ya watu itanunua kitanda cha kupasha joto watoto njiti kwenye zahanati moja ya kule. Mama Mwamvita, mimi sifuati matembezi, Koku wangu alizaliwa njiti huko huko Ngenge nilipokwenda kumwona mama yangu, alikuwa mdogo kama kiatu, na kitanda hicho hakikuwepo, nikamfunga kifuani ngozi kwa ngozi siku kumi na tisa, nilikuwa nalala nimekaa, nahesabu pumzi zake, na nilisema moyoni huyu akipona kuna kitu nitakifanya, na kitu chenyewe ndicho hiki.

Shida ni kwamba nyumbani hawajui. Ninaaga kwamba nakwenda mazoezi ya kwaya mjini, naondoka na kitenge juu ya suruali ya kubana ya baiskeli, baiskeli inakaa kwa Lilian, na nikirudi natembea kama bata, mpaka mama mkwe siku moja akaniuliza, "Mama Koku, hiyo ni kwaya gani inayoimbwa na mapaja?" nikamwambia tunasimama sana, mama. Kahangwa ndiye anajua, nikimpigia simu anacheka mpaka inakatika, anasema, "Kwa baba yangu mimi simo."

Sasa unajua kwetu mwanamke hampiti mzee hivi hivi, unapiga magoti ndipo unasalimia. Kwa hiyo wiki za kwanza kila nikiona mzee barabarani nashuka, nalaza baiskeli, napiga magoti, nasalimia, naulizwa mimi ni wa nani, najibu, napanda, baada ya hatua hamsini mzee mwingine huyo, na wenzangu wananisubiri juani, mpaka Lilian akasema, "Mama Koku, kwa mwendo huu kitanda kitafika Ngenge Koku akiwa bibi." Wakanifundisha kukaa kwenye mstari, na wakaniapisha kwamba kwenye mteremko nisifunge breki ghafla, walio nyuma watanipanda.

Jumamosi iliyopita tumetoka Izimbya, mimi ndiye niko mbele, tunashuka ule mlima kasi mpaka machozi yananitoka, mara naona wazee wanne wamejaza barabara wanatoka msibani, wanatembea polepole na fimbo zao, na mimi na breki tuliapishana, basi nikapaza sauti, "Pembeni wazee!" wakarukia kwenye mibuni kama vijana, kofia ya mmoja ikaruka, na nilipompita mwenye kofia ndipo nikamtambua, alikuwa baba mkwe wangu.

Hakunijua kwa sababu ya miwani na hiyo kofia ninayoikalia. Amerudi jioni ana majani ya mbuni kwenye koti, akaketi, akasema, "Nimezaliwa Kagondo, nimezeekea Kagondo, sijawahi kuambiwa pembeni na mtoto wa kike. Hakuinama, hakutusalimia hata kwa kichwa! Ametuona kama mbuzi." Mama mkwe akapiga kelele, eeh, mtoto wa nani huyo? Mzee akauliza, kosa la namna hii adhabu yake ni nini? Mimi nilikuwa naleta ndizi mezani, nikaona nikinyamaza watanishuku, mdomo wangu ukasema wenyewe, "Jogoo, baba, na mkungu, na apige magoti mbele ya kanisa zima." Mzee akanitazama akasema, "Mnamsikia? Huyu ndiye mkwe." Tangu hapo kila mgeni anayekuja ananiita nisimame ili wanione, anasema mabinti wangekuwa hivi nchi ingekaa sawa.

Kumbe, kwa kuwa ni mzee wa kanisa, ndiye ameombwa atuombee siku ya safari na kutupungia bendera, na amemtumia Lilian ujumbe kwamba hafungui mdomo mpaka huyo msichana aletwe mbele yake na aondolewe kwenye timu. Lilian ameniambia, "Mzee wa kanisa simdanganyi. Mwambie wewe mwisho Alhamisi, la sivyo nitamwambia mimi." Nikaona njia moja, mwenzetu Yasmin amekubali kujifanya ni yeye, kwa sharti nimfulie mwezi mzima, na nimeshaanza kumfundisha namna ya kulia ila kila akifika penye machozi anacheka. Au niseme naumwa, nibaki, nisiende? Lakini nikifikiria kitanda kile kinafika na mimi sipo, moyo unakataa, na nikifikiria mzee anajua kwamba mkwe wake wa kusifiwa ndiye yule, naona bora ardhi inimeze, ngoja kidogo, baba mkwe ananiita, na hiyo sio sauti yake ya kuomba chai, nakuja waitu, Mama Mwamvita naomba tu uniambie kama

MAMA MWAMVITA ANAJIBU

Mama Koku, barua yako imekatika katikati ya sentensi na bahasha umeifunga hivyo hivyo. Kwa hiyo najua mzee alikuita kwa jambo dogo, maana angekuwa amekugundua ungeongeza kurasa tatu. Majina yote nimeyabadilisha mimi, kwa kuwa wewe ulisahau hata kuniomba.

Kwanza pole. Siku kumi na tisa umekaa wima na mtoto kifuani, hiyo ni safari ndefu kuliko ya Ngenge, na ulishaimaliza. Kwa hiyo sitaki kusikia habari ya kuumwa. Utakwenda.

Sasa nikuseme. Kwaya umedanganya, chujio umedanganya, na sasa unataka kumkodisha binti wa watu aje kulia kwa niaba yako! Yasmin akishindwa kuzuia kicheko mbele ya mzee, mtakuwa na kesi mbili. Na wewe uliyesimama na sinia la ndizi ukajitolea hukumu: jogoo, mkungu, kanisa zima. Hakuna aliyekulazimisha. Hakimu aliyejihukumu mwenyewe atakata rufaa kwa nani?

Lakini nimeisoma barua yako mara mbili, na kuna jambo umeliandika bila kuliona. Baba mkwe wako hajasema popote kwamba mwanamke asipande baiskeli. Hajasema suruali. Amesema hakusalimiwa. Wewe unaficha baiskeli, na yeye anadai salamu. Mnapishana kama vipofu wawili kwenye mlango mmoja. Mzee anayetoka kuzika, anarushwa kwenye mibuni na mtoto asiyegeuka nyuma, anajiona naye ameshazikwa. Hilo ndilo linalomuuma, nalo lina dawa.

Mama mkwe wako usimhesabu kati ya wasiojua. Mwanamke anayeuliza kwaya inayoimbwa na mapaja hahitaji jibu. Mwendee jikoni, mwambie kwanza yeye, na umwombe tu awe karibu.

Kisha fanya hivi. Mzee akishakunywa chai ya saa nne na kabla hajarudi shambani, weka kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo kama unavyompelekea mgeni wa heshima. Piga magoti. Sema kwa Kihaya, usitumie Kiswahili, hiki ni cha ofisini. Sema: "Baba, yule msichana ni mimi." Halafu funga mdomo. Najua mdomo wako unasema wenyewe, ung'ate. Usiseme breki, usiseme mteremko, usiseme Lilian. Neno "lakini" liache mpaka aulize. Atatafuna kahawa polepole. Usimharakishe, dakika hizo ni mali yake.

Akiuliza kwa nini, mwambie siku kumi na tisa kama ulivyoniambia mimi, pamoja na kile kiatu.

Baada ya hapo lipa. Jogoo ni wako, mkungu ni wako, uliutaja mwenyewe. Na wale wazee wengine watatu uende ukawaombe radhi mmoja mmoja, nyumbani kwao, kwa baiskeli. Yahesabu kuwa mazoezi.

Kisha mwombe kitu kimoja. Mwambie: "Baba, sisi waendeshaji hatujui namna ya kumsalimia mkubwa tukiwa kwenye mwendo. Tutungie sheria." Wapunguze mwendo? Wainamishe kichwa? Wa mbele asalimie kwa niaba ya wote? Aamue yeye. Mzee ukimpa sheria ya kutunga hataki tena mtu wa kumfukuza, anataka mtu wa kuitii, na anataka aitii mbele ya watu, njia nzima mpaka Ngenge.

Akikataa siku ya kwanza, usibishane na usitoroke. Rudi kesho yake, kahawa ile ile, magoti yale yale. Na Kahangwa aache kucheka kwenye simu. Apande gari aje asimame mlangoni, maana huyo ni baba yake kabla hajawa baba mkwe wako.

Jambo la mwisho. Majina nimeyabadilisha, ila sikuweza kubadilisha wazee wanne kwenye mibuni ya Izimbya, na wote wanne wana wajukuu wanaojua kusoma. Leo ni Jumatano, kesho ndiyo Alhamisi ya Lilian, na gazeti hili linafika Kagondo saa nne asubuhi. Kama umefika mstari huu na bado umekaa, unanisoma kwa dakika zako za kumuwahi mzee kabla hajasomewa na wengine. Weka gazeti chini, Mama Koku. Nenda.