Miti Yako Imehama

Sondu,
Septemba 1987

Kwako kaka Dishon,

Pokea salamu zetu sote wa hapa nyumbani. Je, kile kikohozi cha baridi ya Londiani kimekuachilia? Sisi tuko salama. Baba analalamika kuhusu kila kitu kama kawaida yake, kwa hiyo ujue hana ugonjwa wowote.

Barua yako ilifika. Umesema mkubwa wako wa misitu anakuja mwezi ujao kupiga picha ile miche uliyotupandia, na kwamba akiridhika utapandishwa cheo. Niliisoma kwa sauti jikoni. Nilipofika hapo Mama alikohoa, akatoka kufukuza kuku ambao hawakuwa wamefanya lolote.

Kaka, tangu useme kwamba ule uwanda wetu wa nyasi ni ardhi tupu isiyo na kazi, hapakaliki. Baba anauliza kama ni tupu, ng'ombe wake wamekuwa wakila nini miaka yote hii. Wakhisi, yule fundi wa matofali kutoka Bungoma, anasema pale ni mahali pa kumbikumbi, na nyasi zipo kuvifunika vichuguu tu. Ulipochimba shimo karibu na kichuguu chake kikubwa alisusa chai yetu, na mpaka leo anapita kwa mbali. Pasta naye ameshachagua pa kusimamisha jukwaa la mkutano wa injili. Kila mtu anaona kazi moja tu pale, nayo ni yake.

Basi miche ikaanza kupotea. Leo huu, kesho ule, na shimo limefukiwa vizuri kabisa. Baba aliapa ni Wakhisi analipiza kisasi cha kumbikumbi, akampeleka kwa naibu wa chifu. Wakhisi akajibu kwamba mwizi wa miti huiba miti, si vijiti vya kuchokonolea meno. Wamenuniana hata kanisani.

Aliyetutia moyo ni Mama. Kila alfajiri alibeba debe kichwani kwenda kumwagilia miche iliyobaki. Pasta alimsifu mbele ya watu wote, akawaambia akina mama wengine waige mfano wake. Mama aliinamisha kichwa, nami nikadhani ni unyenyekevu.

Juzi nilimwonea huruma nikamfuata nimsaidie maji. Kaka, ndani ya debe hamkuwa na tone. Kulikuwa na jembe dogo na mche wako, mizizi imefungwa na udongo wake kwa jani la mgomba. Nilimkuta nyuma ya zizi, pale kwenye tope la kijito, akiupanda kwenye mstari pamoja na wenzake. Yote iko hai. Mingine imenipita magoti.

Mama hakushtuka. Alisema pale kijitoni hapajawahi kufaa kitu ila vyura, na mti utakunywa wenyewe bila kumsumbua mtu. Lakini kule uwandani kivuli kingeua zile nyasi ndefu anazozilinda tangu uandike kwamba utamleta mchumba wako Agneta na wazee wao Desemba. Kageha wa sokoni aliomba za kufagilia tu, akanyimwa. Simba yako, kaka, kile kibanda chako cha ujana, mtu akilala kitandani anauona mwezi. Mama ameniuliza kama Agneta atajikinga mvua kwa picha ya miti. Nilishika jembe nikamsaidia, na sioni haya kukuambia.

Kwa hiyo mlete mkubwa wako, lakini avae gambuti za matope. Wewe utangulie, maana unajua hatuwezi kuezeka simba ya mtu naye hayupo, na nyasi zimeshakatwa, zimefungwa matita ukutani. Upitie pia kwa Wakhisi umwombe radhi kwa niaba ya Baba, kwa sababu Baba bado hajaambiwa.

Msalimu sana Agneta. Mama amenikataza kabisa nisikuandikie mambo haya. Kisha amenipa pesa ya stempu.

Ni mimi dadako mpendwa,
Lornah