Feira ya Palma na Minazi ya Baba

Palma, Agosti 1972

Kwa kaka yangu Atumane,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, kile kifua kimeacha kukusumbua, na unakula vizuri kuliko sisi. Hapa mama hajambo ila magoti, na mimi sijambo ila hasira. Shangazi Fatima anakusalimu, na majirani wote wanaokukumbuka wanakusalimu. Barua yako ilinifikia kwa mkono wa yule uliyemtuma, na ndiye huyo huyo anayeisubiri hii, kwa hiyo ukiona mwandiko unakimbia ujue sababu.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama feira ya Palma, haya maonyesho ya michezo ya serikali, ni nzuri kama inavyotangazwa redioni, hata huko Mtwara mnaisimulia. La pili, kama minazi ya baba bado imesimama, kwa sababu umesikia tangazo la administrador, huyu mkuu wa Wareno hapa kwetu, kwamba kila atakayerudi kutoka ng'ambo ya Ruvuma atasamehewa na kurudishiwa shamba lake, na unafikiria kuja kabla ya Ramadhani. Nitakujibu yote mawili. Naanza na feira, maana nimepata kazi ya kuosha vyombo humo na inaniudhi kila siku ya Mungu.

Feira wameiweka kwenye uwanja wa mpira. Sifa zote wamepewa farasi wa mbao. Utasikia farasi, farasi, mpaka masikio yachoke. Kaka, nusu ya farasi wale hawana masikio wenyewe, na wanazungushwa na injini ya trekta inayomtemea moshi usoni kila anayepanda. Unashuka macho mekundu, kichwa kinazunguka, halafu mpiga picha wa serikali anakuambia ucheke. Sisi wa kijiji cha waya, hiki wanachokiita aldeamento, tulipangwa foleni na masipai, askari wa administrador, tangu asubuhi, tukaitwa majina mmoja mmoja ili twende tukafurahi. Mimi furaha ya kuitwa majina sikuwahi kuiona.

Kuna chumba cha vioo pia, nacho ni debe tupu. Unaingia, kioo hiki kinakuonyesha mnene, kile kinakuonyesha mwembamba, basi, toka nje mwingine aingie. Gracinda, mwenzangu wa jikoni, Mmakonde wa bara ambaye ulimi wake haujui kupumzika, alitoka humo akasema kwamba wembamba anao bure nyumbani, na kama serikali ina kioo cha kunenepesha watu ingekileta jikoni kikaanza kazi.

Na hilo jiko lenyewe. Mbele kuna restaurante, meza zina vitambaa vyeupe na sahani zina maua, na watu wanatoka mpaka Mocímboa kuja kula. Wanakula nini? Bakalyau. Samaki mkavu aliyekuja kwa meli kutoka Ureno, analiwa hapa ambapo changu anauzwa barabarani bado anapumua. Mpishi mkuu, Germano, mtu wa Beira, anamkaanga kwa heshima zote, na maofisa na wake zao wanamsifu. Mimi nimeonja makombo yake. Ni chumvi. Nilipomshauri Germano amtie nazi kidogo, alinijibu kwamba aliyeajiriwa kuosha sahani aoshe sahani.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kitu kitamu kuliko vyote katika feira ile hakina kibao wala mpiga picha: ni ukoko wa wali ambao Gracinda anaukwangua kwenye sufuria, tukaula nyuma ya jiko na mchuzi wa vichwa vya samaki walivyotaka kuvitupa. Germano naye huja, anajifanya anakagua kuni, anakunja miguu na kula kutushinda. Kizuri kingine ni bomba la maji. Walilivuta kwa ajili ya jiko, lakini kinamama wa kijiji cha waya ndilo wanalolifuata. Wanapanda farasi mara moja ili wapigwe picha, kisha wanajaza ndoo zao na kuondoka. Redio haitaji bomba hata siku moja.

Nikueleze na habari ya Dauto, mtoto wa jirani yetu, ambaye sauti yake uliisikia redioni akisema amerudi kutoka huko na amerudishiwa shamba. Picha yake ipo mlangoni mwa feira, kubwa kama mkeka, amepanda farasi anacheka. Shamba hilo jembe lake halijaligusa. Alipokwisha kupigwa picha akapewa bunduki ya milisia na kupelekwa bara, na tangu hapo hajaandika. Mama yake huja mlangoni kumtazama. Nilimuuliza kama ana habari zozote za mwanawe, akanijibu kwamba habari alizonazo ni zile za ukutani.

Sasa nije kwenye gurudumu, maana hapo ndipo maswali yako mawili yanapokutana. Ni gurudumu kubwa la chuma lenye viti, linakupandisha juu kupita paa la kanisa. Halisifiwi sana kwa sababu watu wanaliogopa. Mama yetu, ambaye aliapa kutokanyaga feira, alikuja Ijumaa baada ya sala, amevaa kanga yake nzuri, akasema anataka kupanda hilo. Niliona haya mpaka nikataka kujificha jikoni. Cosme, kijana anayeliendesha, alimwonya kwamba wazee hushikwa na kizunguzungu. Mama akamwambia kwamba yeye amezaa, amezika mume, amehamishwa kwake kwa mtutu wa bunduki, na chuma hiki hakitakuwa cha kumwangusha. Akamwomba akifika juu kabisa amsimamishe.

Hapo nikaelewa. Kutoka juu unaona ng'ambo ya waya, upande wa Quionga, liliko shamba la baba, ambako tumekatazwa kukanyaga tangu siku tuliyohamishwa. Mama alikaa kule juu ameshika chuma kwa mikono miwili, hageuki huku wala huku. Aliposhuka alijitengeneza kanga, akaniambia minazi yote imesimama, nikuandikie uje. Nilirudi kwenye sahani zangu nikiimba. Ni kweli kaka, niliimba.

Kesho yake mchana nilimwomba Cosme anipandishe na mimi, ili nikuandikie habari nilizoziona kwa macho yangu. Kaka, hakuna mnazi. Kutoka kwenye waya mpaka kwenye mikoko ni visiki na makuti makavu. Nilidhani nimekosea upande, nikatafuta kisima, nikakiona. Nikatafuta kile kimsikiti chetu, nikakiona kimebomoka ukuta mmoja. Kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa minazi.

Niliposhuka nilimuuliza Cosme. Alinijibu bila ubaya, kana kwamba namuulizia njia, kwamba tropa, wanajeshi wa Wareno, waliikata ili adui asipate pa kujificha karibu na waya, na kwamba magogo hayakupotea, maseremala wa feira waliyachonga mabenchi ya restaurante. Nikaenda moja kwa moja, nikapindua benchi la kwanza, nikapindua la pili. Unavikumbuka vipago alivyovichonga baba kwenye minazi ili apate pa kukanyaga akikwea? Kwa sababu ya ule mguu wake wa kushoto alivikaribianisha sana, watu wakimcheka kwamba kajenga ngazi ya watoto. Viko chini ya benchi, kaka. Kila asubuhi nimekuwa nikipangusa mnazi wa baba kwa kitambaa ili wake za maofisa wakae. Nililia pale pale chini, na Germano, nisimsingizie, hakunifokea. Alichukua kitambaa akamaliza kupangusa yeye.

Nilimfuata mama nyumbani. Nilitaka sana kuamini kwamba ni macho tu, ni uzee. Aliniambia macho yake ni mazima na visiki aliviona vyote. Mnazi, alisema, hupandwa ukaota mwingine. Akasema anazeeka ndani ya waya, na siku ya kuzikwa kwake hana mtoto wa kiume wa kuingia kaburini kumpokea, atapokewa na watu aliopangiwa na administrador. Akanishika mkono akanisihi nikuandikie kwamba minazi imesimama, kwa sababu hiyo ndiyo itakayokuleta. Nilimuuliza habari ya Dauto. Akasema wewe si Dauto, wewe una akili.

Sasa nikuambie nililofanya. Barua aliyoitaka niliiandika. Nikamsomea, akaipenda, akaniongezea salamu, na jana amelala usingizi mzuri ambao sijamwona nao tangu tuhamishwe. Ile nimeichoma jikoni chini ya sufuria ya Germano, na hii nimeiandika leo, naye anaamini ile ndiyo inayovuka mto.

Usije, kaka. Minazi haipo, shamba halipo, na msamaha wao ni bunduki ya kwenda kuwapiga wenzako. Najua ninamnyima mama mikono yako, na akilijua hili hatanisamehe, na nitaishi naye chumba kimoja nikimjibu kila siku kwamba labda mto umejaa, labda umechelewa, labda baada ya Idi. Nimekasirika na administrador, nimekasirika na mama, na wewe pia nimekukasirikia kwa sababu uko mbali na mimi ndiye ninayepaswa kuchagua. Lakini kuliko nisimame mlangoni mwa feira nikitazama picha yako, heri unichukie ukiwa hai.

Tusalimie wote ulio nao huko. Gracinda hakujui lakini anakusalimu. Mama anakusalimu sana sana, na alisisitiza nisisahau kukuandikia kwamba amekutengea kitanda cha baba. Hilo ni kweli. Nimekitandika mimi mwenyewe leo asubuhi, kwa sababu alikuwa amesimama ananiangalia.

Wasalaam,
mdogo wako,
Cadija