Kipimajoto cha Ami Shuaibu

Wardah, nimecheka mpaka mbavu zauma, na huku nimekasirika!

Ami Shuaibu miaka kumi anamletea tajiri wa Kismayo nguru kutoka kisiwa cha Koyama, kwa kuaminiana tu. Juzi tajiri kampa kipimajoto cha kukaa na samaki, kinatuma habari kwenye simu yake. Akamwambia, "Kitunze, ni ghali kuliko mashua yako."

Leo bandarini tajiri kagoma. "Sichukui! Simu yasema nyuzi thelathini na sita, wameoza hawa!"

Nguru wamelala kwenye barafu, wagumu kama mawe. Hakuwagusa. Hakuwagusa, Wardah!

Ami akakichomoa kifuani, ndani ya shati. "Si ulisema nikitunze?"

Unadhani tajiri kaomba radhi? Kakifukia kwenye barafu, wakakaa juani kungoja kipoe, ndipo akaamini nguru hawajaoza.