Chungu cha Kunde Kutoka Mbingu

Ifakara, 4 Februari 1957

Mjomba Kelestini,

Shikamoo. Mimi mzima, na mama anakusalimu. Goti limempoa kidogo. Habari za Mbingu na za wanafunzi wako?

Bwana wetu hapa ofisi ya elimu anataka kujua kama watoto wa shule zinazofeli, na yako imo, wanapenda kusoma. Kila mtoto apite nyuma ya mkeka uliotundikwa asionekane, atie chunguni punje ya hindi kama anapenda, ya kunde kama hapendi. Penye moyo wa kusoma ataongeza mwalimu. Pasipo na moyo, hakusema atafanya nini.

Mpwa wako,
Theodori

Mbingu, 20 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku wazima, ila mgongo wangu unalia kuliko mlango wa kanisa. Mpe pole dada Balbina. Magoti hayo ni ya ukoo.

Nimepima. Mahindi matupu! Hata Dionisi, anayelala tangu hesabu hadi kengele, katia hindi. Nikajua wananipa heshima tu, kama wewe unavyosifia mboga za mke wangu. Nikawaambia, "Wanangu, msinionee haya. Kunde nazo ni halali. Mimi nataka kunde."

"Ndiyo, Mwalimu!"

Basi tukarudia. Nakuletea chungu hicho cha pili, mdomo nimeufunga kwa kitambaa bila kuchungulia, nisije nikaambiwa nimekichezea. Hicho ndicho cha kweli.

Mjomba wako

Ifakara, 15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo.

Bwana alikifungua mwenyewe. Kunde tupu. Nilimweleza kwamba watoto wametia walichodhani mwalimu wao anakitaka. Akacheka. "Asiyependa shule asilazimishwe," akasema, akatia sahihi. Shule inafungwa, mabenchi yanakwenda kwingine. Nilipomrudia akaniuliza kama nimechoka kazi. Mjomba, nina watoto wadogo. Nisamehe.

Mpwa wako,
Theodori

Mbingu, 2 Aprili

Theodori, baba,

Marahaba. Sisi hatujambo, mgongo ni ule ule. Usiombe msamaha, wewe ulipokea chungu tu, aliyeomba kunde ni mimi. Mke wangu sasa ananiita Mwalimu Kunde, nami naitika, nitafanyaje?

Lori limekuja leo, likakwama topeni kabla ya kufika. Dereva akasema niwatume watoto. Nikawatuma. Wakajitwika mabenchi vichwani, wakaenda wakiimba, Dionisi mbele. Sijapata kumwona yu macho namna ile. Nilitamani japo mmoja akatae. Wote, "Ndiyo, Mwalimu."

Nilidhani wataishia huko huko, waende makwao. Wamerudi. Wameingia darasani wakaketi chini, kila mtu mahali pake, katika mistari ile ile. Verediana akanyoosha mkono: "Mwalimu, tumemaliza kupakia. Tufungue ukurasa gani?"

Nimewaambia wangoje kidogo, namalizia barua. Bado wanangoja.

Mjomba wako